Mara ya Pili Kumhamisha Mama

Simu ya kwanza ilitoka kwa mdogo wangu wa Dar es Salaam, nami nilikuwa sijamaliza hata kuvua viatu. "Dada, umesikia? Kuna kimbunga baharini, wanasema mvua yake itafika mpaka huko kwenu. Mtoe mama bondeni." Nikamwambia nimesikia. Kabla sijaweka simu chini, yule wa Mwanza naye akaingia na maneno yale yale, utadhani wametoka kikao kimoja. Wadogo zangu hawa wanampenda mama sana. Wanampenda kwa simu. Wa kula vumbi la barabara ya Mpwapwa na kubishana na mama mlangoni ni mimi, kwa kuwa naishi Dodoma mjini, na kuishi karibu kumekuwa kosa langu.

Asubuhi nikaomba ruhusa kazini. Mkuu wangu alinitazama juu ya miwani akauliza, "Mama tena?" Nikajibu, "Mama tena." Hakuuliza zaidi. Naye ana wa kwake Singida.

Mama anakaa chini ya Kibakwe, bondeni, kwenye tembe aliyoijenga baba. Ni nyumba ndefu ya miti na udongo, na paa lake ni bapa, nalo la udongo vilevile. Kwa jua letu hakuna nyumba inayoishinda. Nje watu wanaungua, wewe ndani unatafuta shuka. Mvua ya kawaida pia haiisumbui. Lakini mvua ikishinda na kukesha bila kupumzika, udongo wa juu unakunywa maji mpaka unakuwa mzito, na ile miti inayoubeba ni ya zamani. Nyuma ya nyumba kuna korongo. Karibu mwaka mzima ni mchanga mtupu, mbuzi wanalala humo. Likishusha maji kutoka milimani, halibishi hodi.

Nilifika na gari la kukodi, nikamkuta mama kibarazani anabangua karanga. Nikampa shikamoo, akaitikia bila kuinua kichwa.

"Karibu, mwanangu. Kama umekuja kula, kuna mlenda ndani. Kama umekuja kunichukua, mwambie huyo dereva wako ageuze gari mapema, barabara itamharibikia."

Haya. Nikavuta kigoda, nikakaa. Nilikuwa nimechoka kabla hatujaanza, maana nilijua anachokiogopa, na hakikuwa maji.

Mwaka jana msimu kama huu lilitolewa tangazo kama hili. Nikaja mbio, nikamfungia mama mzigo, nikampakia kwenye gari, na manyunyu yalikuwa yameshaanza. Tukaenda zetu mjini. Kimbunga chenyewe kikafia huko huko baharini. Huku kwetu wingu likatawanyika, jua likatoka, na likakaa. Wiki zikapita bila tone. Mahindi ya bonde zima yakakauka yakiwa yametoa mbelewele tu, hata mtama ukajikunja. Mama aliporudi, wanawake walikuwa wanang'oa mabua ya kulisha mbuzi.

Sasa kwetu, mgeni akifika na mvua, watu hufurahi, humwambia amekuja na baraka. Kila mtu anajua hivyo. Ila kama kuja na mvua ni baraka, basi anayeondoka nayo je? Wa kwanza kulisema alikuwa mtani wetu, mwanamke wa rika la mama, anayekaa kule juu mlimani kwa mwanawe. Ukoo wao na wetu ni watani tangu enzi za mababu. Wanaitana watumwa, wanatukanana mpaka msibani, na hakuna anayeruhusiwa kununa. Alimwona mama anashuka kwenye gari, akapiga kelele njia nzima, "Mtumwa wangu! Yaani umeitia mvua yetu kwenye mkoba ukaenda nayo mjini? Itoe basi tuione!"

Mama alicheka. Watu wakacheka. Lakini neno lile halikulala. Likazunguka kisimani, likazunguka mashineni wanakosaga unga, na wengine walipolirudia hawakuwa watani wala hawakucheka. Siku za kulimiana, ambapo kundi la wanawake huenda shamba la huyu leo na la yule kesho, mama alisahauliwa. Mara ya kwanza akasema wamepitiwa. Mara ya pili akachukua jembe lake. Alilima peke yake, na umri ule, na mgongo ule.

Mwaka huu mvua imekuwa nzuri. Mahindi yalikuwa yameshabeba, yanangoja tu kukomaa, na wale wanawake walikuwa wameanza tena kumwita. Ndipo na mimi nafika na gari.

"Mama, hilo paa litakuangukia."

"Liniangukie."

"Basi nenda pale shule tu, juu. Si mjini. Mtendaji amepita na kipaza sauti, wenzako wameshaanza kupanda."

"Wenzangu wakibeba godoro wamebeba godoro. Mimi nikibeba godoro, watasema nimebeba mvua tena." Akapeta karanga, maganda yakaruka. "Jua likija kukaa baada ya hapo, mwanangu, ni nani atakayelala hapa katikati yao? Wewe utakuwa ofisini."

Nilikasirika, sitaki kudanganya. Nilimwambia ana kiburi. Nilimwambia watu wazima na akili zao hawawezi kuamini kwamba bibi kizee anabeba mvua. Akaniuliza, kwa upole kabisa, kama mimi nilikuwepo walipokuwa wanampita na majembe yao asubuhi, bila hata kumsalimia mbukwa. Sikuwepo. Simu yangu ilikuwa inalia mfukoni, wa Mwanza huyo, anauliza tumefika wapi. Nikaizima.

Dereva alikuja akasema, "Dada, mimi samahani, nageuka. Nikikwama huku sitoki." Nikamruhusu. Nilimwangalia anapotea na gari lake, nikamwonea wivu, Mungu anisamehe. Mawingu upande wa milimani yalikuwa meusi tii, na hewa imesimama. Nilijua kwamba mama haondoki, na mimi siwezi kumwacha, kwa hiyo tutalala wote chini ya udongo ule. Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba sehemu yangu moja ilikuwa tayari kukubali hivyo.

Kilichoniinua ni hasira. Nilipanda njia ya mlimani nikihema mpaka shambani kwa yule mtani, nikamkuta anachuma majani ya kunde. Shikamoo yangu ilitoka kama tusi.

"Mama amekataa kuondoka," nikamwambia. "Anasema ataambiwa amechukua mvua. Na maneno hayo yalitoka kinywani mwako."

"Hee! Mimi nilikuwa namtania mtumwa wangu."

"Najua ulimtania. Wenzako wakauchukulia kuwa kweli, na wewe ukawaachia. Hukusema hata siku moja, jamani, ule ulikuwa utani."

Alisimama na kunde zake mkononi. Mwanamke yule utani haumwishii. Hata mazishini kwa baba alilala kaburini akidai alipwe ndipo tuzike. Sasa alitazama bonde, akatazama wingu. Kisha akafunga kunde kwenye khanga, akaanza kuteremka bila kuniaga. Nikamfuata. Nilidhani anakwenda kumbembeleza.

Hakubembeleza mtu. Aliingia uani bila hodi, akapita mbele ya mama kama hamwoni, akaingia ndani. Akatoka na godoro la mama limekunjwa kichwani. Akaenda kwenye kigingi, akamfungua mbuzi wa maziwa, yule mama anayemwita kwa jina na kumpa pumba kwa mkono.

"Mtumwa wangu," akasema, "nimeteka. Kwangu unapajua. Ukitaka vitu vyako njoo ukomboe."

Na akaondoka kweli, mbuzi anapiga kelele nyuma yake.

Mtani akichukua kitu chako, huwezi kumshitaki wala kumkasirikia. Unachoweza ni kumfuata na kukikomboa, kwa kuku, kwa pombe, kwa chochote mtakachokubaliana mkishatukanana vya kutosha. Kukaa tu na kumwachia ndiyo aibu. Mama alicheka kwanza. Halafu akaona godoro linapanda kilima. Ungo wa karanga ukawekwa chini.

"Huyu mwanamke mwizi huyu! Nipe fimbo yangu!"

Nilimpa fimbo kabla hajamaliza kusema. Nilivuta mlango, sikuthubutu kubeba hata sufuria, nisije nikamshtua akageuka. Tulipanda polepole, mama anatukana kwa Kigogo na kwa Kiswahili, matone makubwa yameanza kudondoka vumbini. Njiani tulikuta majirani na mizigo yao. Mama akasimama katikati yao, akapaza sauti.

"Mnaniona? Mimi siondoki! Nafuata mbuzi wangu!"

"Tunakuona, bibi," mmoja akajibu, akainamisha uso. Huyo alikuwa mmoja wa wale wa majembe.

Kwa mtani kuna bati. Tulipofika tu, mvua ikamwagika, na ikawa ile ya kuzuia watu kusikilizana. Wale wawili walikaa karibu na mafiga wakibishania bei ya mbuzi. Mama akatoa kuku mmoja, mtani akataka jogoo na binti mmoja wa mjini, yaani mimi. Mama akasema binti mchukue bure, ana kelele. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, kisha machozi yakaendelea na kicheko kimeisha. Nikalala hapo hapo nilipokaa. Sikumbuki nani alinifunika.

Kulipokucha mvua ilikuwa imepungua. Tukatoka mpaka ukingoni. Korongo lilikuwa limetoka kwenye njia yake, maji ya rangi ya udongo yamepita katikati ya mashamba, mahindi yamelala chini yote yakitazama upande mmoja. Tembe ilikuwa imebaki imesimama kwenye ncha mbili tu. Katikati, paa lote lilikuwa limeingia ndani pamoja na ukuta wa nyuma. Katikati ndiko alikolala mama miaka yote tangu aolewe.

Nilikuwa nimesema litaanguka. Lilikuwa limeanguka, na sikuona raha yoyote ya kuwa nilisema kweli. Majirani walikuwa wamejikusanya pale ukingoni na wao, wanawake wa kulimiana, mtendaji, watoto wamejifunika viroba. Hakuna aliyemtazama mama usoni. Mmoja alisogea akamwekea khanga yake mabegani, akarudi nyuma.

Mama alitazama nyumba muda mrefu. Hakulia. Kisha akageuka, akamtafuta yule mtani kwa macho, akamwona amesimama nyuma ya watu, na mbuzi bado amemshika kamba.

"Mtumwa wangu," mama akamwita. "Njoo uone nyumba yangu."

Watu wakampisha. Akaja, akatazama chini, akaziba mdomo kwa kiganja.

"Haya, nitanie," mama akasema.

Yule mwanamke akatikisa kichwa.

"Nitanie, nimekuambia. Mbele ya hawa wote, wajue utani ni utani."

"Mtumwa wangu..." alianza, na sauti ikamkatikia. Alijaribu tena. Machozi yalikuwa yanamteremka mpaka kidevuni, kamba ya mbuzi imemponyoka. Mama akamkamata mkono, akausogeza kwake, akainamisha sikio kama mtu anayengoja.

"Malizia," akamwambia. "Nakusikiliza."

Hakuweza kumalizia.