Firigisi Niliyomeza Komarock

Mimi chakula kinachopikwa na mtu anayecheza sijawahi kukipenda. Mpishi apike, mimi nile, kila mtu na kazi yake. Lakini binti yangu alikuwa ameona picha kwenye simu: hoteli mpya imefunguliwa Komarock, upande wa Kangundo Road, inauza chakula cha Kijapani kinachoitwa hibachi. Mnaketi mbele ya bamba la chuma la moto, mpishi anasimama upande wa pili, anakatakata nyama, anarusha mayai hewani, anawasha moto unaopanda karibu ufike darini, nanyi mnapiga makofi. "Mama, tuwapeleke pale," akaniambia. "Ni pazuri, halafu ni karibu na kwao."

Kwao, yaani kwa kijana aliyetaka kumwoa. Huyo kijana ni wa magharibi, Mluhya, mtoto wa mzee aliyestaafu kazi ya reli. Sisi ni watu wa Ukambani. Binti yangu ameshapita thelathini, na kabla ya huyu kulikuwa na wengine. Walikuja nyumbani, wakala kuku wangu na chapati zangu, wakasema "tumeshukuru kwa chakula," wakaomba maombi ya kufunga, wakapotea. Hata sababu hawakutupa. Baada ya hapo, harusi zikifanyika kanisani, mtoto wangu alikuwa akikaa viti vya nyuma kabisa karibu na mlango. Mzazi akiona hivyo anaumwa mahali ambapo hata daktari hapajui.

Kwa hiyo siku hiyo mambo yalikuwa wazi. Mzee akiridhika, mazungumzo ya mahari yanaanza. Asiporidhika, kijana wake ni wa kumsikiliza baba, na binti yangu anarudi viti vya nyuma.

Mimi nilikubali hoteli kwa sababu yangu nyingine. Nyumbani kwangu Tassia, ghorofa ya nne, kuna kiti cha marehemu mume wangu. Tangu azikwe, wageni wakija, shemeji yangu, yaani mdogo wake, anapanda ngazi akihema, anaketi kwenye kile kiti, anakunja nne na kusema, "Karibuni kwangu." Kwake! Kodi nalipa mimi, maji nabeba mimi mtungi kwa mtungi yakikatika, na kuku nachinja mimi. Halafu firigisi inaletwa kwake kwa kisahani. Basi nikasema, heri twende mahali ambapo kile kiti hakipo. Shemeji aliposikia akakasirika. "Mimi siwezi kula chakula kinachorushwa," akasema. "Hiyo ni mikutano ya wanawake." Akakataa kuja. Nami sikumbembeleza.

Sasa kuhusu firigisi. Hata kwetu Ukambani firigisi ni ya mwanamume, lakini ikipotea jikoni watu wanacheka yanaisha. Kwao si mchezo. Wanaiita imondo. Ukimkaribisha mzee wa Kiluhya kwa kuku halafu asiione sahanini, umemwambia arudi kwake. Na mwanamke haigusi. Binti yangu alikuwa amenionya mara nyingi mpaka nikamwuliza kama anaolewa na kijana au na firigisi.

Nilipiga simu hotelini kuuliza. Wakaniambia kuku wao ni minofu tu, matumbo hawaweki. Nikasema, hakuna shida. Jumamosi asubuhi nikanunua kuku wa kienyeji sokoni, nikachinja, nikaipasua firigisi, nikatoa ile ngozi ya manjano ya ndani, nikaiosha kwa chumvi na limau na kuitia kwenye kikopo. Kuku mwenyewe nikawaachia majirani. Firigisi nikaibeba mbichi ndani ya mkoba. Si wamesema wanapika mbele ya watu? Wapike!

Tulifika saa saba mchana, tukapanda ngazi. Mlangoni kulikuwa na msichana wa kope za kubandika. Nikampa kikopo nikamwambia polepole, kama mtu anayemwelekeza mtoto dukani, "Hii ni ya yule mzee atakayekuja na sisi. Ya yule mzee peke yake. Mwambie mpishi."

"Sawa mathe, hakuna noma," akasema, macho yakiwa kwenye simu.

Nilipaswa kujua hapo hapo.

Kijana akafika na baba yake. Mzee alikuwa amevaa koti licha ya joto, na kofia, ambayo aliivua na kuishika mkononi. Meza yetu bado ilikuwa na wali wa watu wengine umegandia pembeni. Tukasimama tukingoja ipanguswe, mzee naye amesimama, na hakuna aliyempa hata kiti. Nilikuwa nimeanza kuchemka. Tulipokaribishwa, yule msichana akatupanga anavyotaka mwenyewe: binti yangu, mimi, kijana, halafu mzee. Yaani mimi na mkwe wangu mtarajiwa bega kwa bega, viwiko vinagusana! Kwao mkwe na mama mkwe hawakai hivyo, wala hawali chungu kimoja. Kijana wa watu alikaa kwa tako moja, mwili wote umeegemea kwa baba yake.

"Dada, tubadilishe viti," nikamwambia msichana.

"Haiwezekani mathe, order zimeshaingia kwa kompyuta na namba za viti. Zitachanganyika."

Tukakaa hivyo hivyo. Mzee akatazama mlangoni, akanitazama mimi. "Na yule ndugu wa marehemu?" akauliza.

"Hakuja, baba."

"Hakuja." Akageuza kofia yake gotini. "Nimekuwa nikiongea naye kwa simu wakati huu wote. Sasa leo nitazungumza na nani?"

Kabla sijajibu, mpishi akatokea akigonganisha miiko miwili ya chuma. "Niaje wazazi! Mko fiti? Mzae wa kofia, uko rada?" Jamani. Mtu aliyefanya kazi reli mpaka akastaafu, anaitwa mzae wa kofia, anaulizwa kama yuko macho. Binti yangu akacheka kile kicheko chake cha hofu, nami nikamfinya goti chini ya meza anyamaze.

Mpishi akapanga vipande vya kitunguu vikawa kama mnara, akamimina mafuta, akawasha kiberiti. "Wasee, angalieni!" Tukaangalia. Ukatoka moshi. Akawasha tena. Moshi. Kumbe gesi imeisha. Mtungi mwingine ukaagizwa, sijui ulitoka wapi, lakini ulikawia, na sisi tumeketi mstari mmoja tukitazama kitunguu kibichi. Soda zilikuja moto kama chai, na yangu haikuwa niliyoagiza. Nilijaribu kuuliza habari za nyumbani, za mvua. Mzee akajibu, "Iko," basi.

Gesi iliporudi mpishi akaanza kupika mbio mbio kama anayefukuzwa. Wali ulikuwa wa jana, nakuapia, ulikuwa baridi katikati. Mboga zilikuwa mbichi upande mmoja na zimeungua upande wa pili. Kuku alikuja amekatwa vipande vidogo kama vya kulisha paka. Mzee akachukua uma. Akafunua wali. Akafunua kuku, kipande kwa kipande, akatazama chini ya kabeji. Nilijua anachotafuta. Binti yangu pia alijua, akanigeukia na uso umepauka. Nikamtafuta yule msichana wa kope. Alikuwa dirishani akijirekodi video.

Mpishi naye sasa yuko kwenye mbwembwe zake. Anachukua kipande cha yai kwa ncha ya mwiko, anamrushia mtu mdomoni. Binti yangu alidaka yai. Kijana alikosa, likamwangukia kwenye ukosi wa shati. Mzee aliinua mkono, akakataa. Ndipo nikaona kwenye kona ya bamba kitu cheusi, cha duara, kinaruka ruka kwenye mafuta. Nikaitambua. Hata ndani ya chungu cha mtu mwingine ningeitambua. Nikainama mbele nimwambie yule mpishi, "We, hiyo ni ya..."

Nilikuwa nimefungua mdomo. Akaona mdomo uko wazi, akarusha.

Haki ya Mungu, ilitua juu ya ulimi.

"Gooo! Mathe amedaka!" mpishi akapiga kelele, akagonga bamba. Hakuna aliyepiga makofi.

"Hiyo ni imondo," mzee akasema. Hakuwa anauliza.

Woi! Nilitamani sakafu ipasuke. Binti yangu alinisogezea karatasi ya kupangusia midomo. "Mama, tema," akanong'ona. "Tafadhali, mama. Tema."

Nami ningetema. Nilishika ile karatasi kabisa. Lakini nikawaza: nikishatema, ni ya nani? Mzee hawezi kula kilichotoka mdomoni mwangu. Itakaa pale kwenye karatasi, na itaonekana kama inamngoja mwanamume wa nyumba ambaye hakuja. Nikamwona shemeji kwenye kile kiti, kisahani mkononi, akitafuna huku mimi nimesimama mlango wa jikoni na kitambaa begani. Hasira ikanipanda ambayo sikujua kuwa ninayo. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Nikaiweka karatasi chini, nikaanza kutafuna.

Hapo sasa ndipo nilipojua kosa langu. Firigisi ya kienyeji huchemshwa kwanza, kila mtu anajua, inakaa motoni mpaka ilainike, ndipo ikaangwe. Mimi niliipeleka mbichi kwa mtu anayepika mayai. Ilikuwa kama tairi. Nikatafuna upande huu, nikatafuna upande ule. Haikatiki. Mzee ananitazama. Kijana anatazama soda yake. Mpishi amegundua kuna jambo, ameshusha miiko na kusimama kama askari. Taya zinaniuma, machozi yananitoka, na sijui ni ya firigisi au ya nini. Mzee akafungua mdomo aseme, nikamwinulia mkono: ngoja. Mimi, nikamwinulia mkono mzee wa watu! Nikatafuna tena, nikachukua ile soda ya moto, nikaimeza nayo firigisi yote.

"Baba," nikasema nilipopata pumzi, "ile ilikuwa yako. Nimeibeba mwenyewe kutoka nyumbani, nikawaagiza hawa, hawakusikia. Kwa hilo nakuomba radhi. Lakini umeniuliza utazungumza na nani. Nyumba ile mwenyewe ni mimi. Huyu msichana nimemlea mimi, kodi nimelipa mimi. Ukitaka kuzungumza, zungumza na mimi. Na hiyo niliyokula, kwa kuila siombi radhi."

Mzee akapangusa midomo ambayo haikuwa imekula kitu. Akavaa kofia yake.

"Tumeshukuru kwa chakula," akasema, akainuka.

Maneno yale yale. Kijana alimtazama binti yangu, akamtazama baba yake anayeshuka ngazi akishikilia ukuta, akamfuata. Msichana wa kope akaja kutuuliza kama tungependa kuandika maoni mazuri mtandaoni. Sitaandika hapa nilichomjibu.

Binti yangu hakunisemesha njia nzima. Nyumbani alisema neno moja tu, "Umeniharibia," akafunga mlango wa chumba. Nilisimama pale nje ya mlango nikaona pengine ni kweli. Shemeji alipiga simu kesho yake, habari zimeshamfikia, sauti tamu kama mtu aliyeokota kitu. "Si nilikuambia? Mwanamke hawezi kusimamia mambo haya. Ngoja nimpigie mzee nimtulize."

"Mpigie," nikamwambia. Nilikuwa nimechoka.

Siku zikapita. Binti akaenda kazini, akarudi, akala kwa kusimama. Nilikuwa nikimsikia akigeuka kitandani, nami nageuka upande wangu. Nilijuta, sikujuta, nikajuta tena. Ilikuwa jioni, nikiwa nachagua mchele, simu ikalia kwa namba nisiyoijua.

"Hapo ni kwa mwenye nyumba?" sauti ikauliza. Nikaitambua. Mchele ukanimwagika mapajani.

"Shemeji yangu hayupo, baba," nikasema. Sijui kwa nini nilisema hivyo. Ulimi ulizoea.

"Huyo amenipigia mara nyingi, na sijachukua simu yake," mzee akasema. "Nimeuliza kama hapo ni kwa mwenye nyumba."

Binti yangu alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba, mkono mdomoni.

"Ndiye mimi," nikasema.

"Vizuri. Jumamosi tunakuja kwako, tuzungumze. Hotelini sirudi." Akakohoa. "Nitaleta kuku wawili. Firigisi moja weka kwenye sahani yangu, na ya pili weka kwenye yako. Na tafadhali, mama, safari hii zichemshe kwanza."