Jaji Aliyetoka Ujiji

Nilitengwa na chama cha ngoma kwa kumwita marehemu mvivu. Nasema mwenyewe mapema, asije mtu akakusimulia kwa kuongeza chumvi.

Chama chetu cha wanawake pale Gongoni, enzi za Mwingereza, kilikuwa na serikali yake kamili. Tulikuwa na rais, tulikuwa na jaji wa kuamua kesi zetu, na kila Idi tulikuwa na sare mpya ya kanga. Rais wetu alikuwa mke wa Mzaramo mmoja wa reli. Sisi Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu babu zetu walipokuwa wakibeba mizigo kwenda pwani, basi mimi na rais tulitaniana kila siku ya Mungu. Nikimkuta amekaa namuuliza, "Umeolewa na kiti?" Naye, "Na wewe umeolewa na mdomo." Nilimpenda sana yule mama.

Alipofariki, nikafanya afanyalo mtani msibani. Wanaume wameshika jeneza, mimi nikajilaza kizingitini nikapiga kelele, "Hatoki mtu hapa! Huyu mvivu amekwepa zamu yake. Amka, vyombo vinakungoja!" Nilisema huku nalia. Nikangoja watu wacheke, nikasikia kimya. Mwenzangu mmoja akaninong'oneza kwamba Mzaramo ni mume tu. Mke kwao Ujiji, asili yake ng'ambo ya ziwa, na baina ya watu wake na wangu hakuna utani. Jamani! Kaburi lilikuwa limeshachimbwa, na siku ile ningeingia mimi kwanza.

Jaji wa wakati ule akanitenga palepale. Nisikalie mkeka wa chama, nisiimbe, nisivae sare. Na mtu aliyetengwa haalikwi shughulini, wala yeye akiwa na shughuli haji mtu kumsaidia kupika. Sokoni wenzangu walikuwa wananisalimia huku wanaangalia nyanya. Iliniuma, siwafichi.

Baada ya arobaini ukaja uchaguzi. Rais mpya ndiye angemteua jaji mpya, na ni jaji huyo tu ambaye angeweza kunirudisha. Mkutano ulifanyika uani kwa mama mkwe wangu, ambako ndiko nilikokuwa naishi. Mimi nikabaki jikoni namenya mihogo, sikio liko nje.

Wagombea walikuwa wawili, fundi cherehani wa Mtendeni na muuza vitumbua wa hapohapo Gongoni.

"Fundi anasoma na kuandika," mmoja alisema. "Barua ikija, atatusomea nani? Kitumbua?"

"Huyo wa vitumbua ukifiwa anafika kwako kabla maji hayajachemka. Fundi wako anafika watu wameshanawa!"

Wakahamia mambo ya nje. Wanawake wa Kigwa walikuja kwa treni mwaka uliopita, wakacheza, wakala pilau yetu, wakarudi kwao wakatutungia wimbo kwamba haikuwa na nyama. Fundi alitaka tuwaandikie barua ya kuvunja urafiki. Muuza vitumbua akasema, "Tuwaalike tena, tuwashindilie nyama mpaka washindwe kuimba." Uani kukawa vicheko, hata mimi nikajisahau nikacheka. Mtu akaguna, nikanyamaza.

Ndipo wakafika kwenye jaji. Fundi akasema atamteua jirani yangu, mwanamke mpole ambaye hata kuku hamfukuzi. Kisu kilinidondoka kwa furaha. Muuza vitumbua akasema atamteua mdogo wake marehemu, aliyekuja msibani kutoka Ujiji akabaki kuwalea watoto.

"Mwenye kidonda ataamua kwa haki?" wakamuuliza.

"Yule anasikiliza mpaka mwisho, ndipo anasema. Nani kati yenu anaweza?"

Mama mkwe akaingia jikoni kuchota maji. Nikamshika kanga. "Mama, nakuomba, simama kwa fundi."

Akaniangalia. "Maliza mihogo, mwanangu."

Kura ilikuwa ni kusimama nyuma ya unayemtaka. Mistari ikawa sawasawa, amebaki mama mkwe peke yake. Akajikokota taratibu, akasimama nyuma ya vitumbua. Nilipandwa na hasira, we! Mihogo nikaipika bila chumvi, makusudi. Akaila yote.

"Hatuchagui rais kwa ajili ya kesi yako," aliniambia akinawa. "Tunachagua atakayetufaa sote. Na wewe umo."

Kesi yangu ikasikilizwa Ijumaa iliyofuata. Jaji alikuwa mwembamba, amejifunga kanga ya dada yake, niliitambua.

"Sikuwepo siku ile," akasema. "Treni ilinifikisha wameshazika. Sema ulivyosema."

Nikakataa. Akangoja, wala hakuniharakisha. Mwisho nikasema yote, hadi kwenye vyombo. Akajifunika uso kwa kanga, mabega yakamtikisika. Nikajua nimekwisha. Alipojifunua alikuwa anacheka na machozi yanamtiririka.

"Vyombo! Tangu utoto nilikuwa namwoshea mimi vyombo vyake. Tangu afe, kila mtu ananiambia alikuwa malaika. Namtafuta dada yangu kwenye maneno yao, simpati. Leo ndiyo nimemwona."

Akafuta uso, akatoa hukumu. "Kosa umefanya, maana hukuwa mtani wetu. Basi kuanzia leo utakuwa, na mkekani urudi. Na adhabu yako ni hii: siku nikifa mimi, uje ulale kizingitini."

Adhabu hiyo nimeitumikia uzeeni, magoti hayataki kukunjika. Nikalala pale mlangoni, nikawaambia hatoki mtu. Nikamwambia amka, huko uendako dada yako amekurundikia vyombo. Watu walicheka. Mimi ndiye niliyeshindwa kuinuka, ikabidi wajukuu zake wanishike mikono.