Nilibadilisha Namba ya Kompyuta ili Mizinga Ije Kwetu

Kosa ni langu, nitalifikia. Mtanivumilia, maana shule niliishia darasa la pili, na jambo siwezi kulianza katikati.

Marehemu baba alikuwa akiuza karanga. Mnunuzi alikuja na bambo, kile chuma chenye mfereji cha kuchomea gunia ili karanga kidogo zitoke azione. Yule jamaa alikuwa mvivu wa kuinama, akawa anachoma juu tu, karibu na mdomo wa gunia. Basi baba akaweka nzuri juu, makapi chini. Msimu uliofuata akarudi yuleyule, akageuza uso pembeni kama mtu anayetaka kupiga chafya, akachoma popote. Makapi yakamwagika mpaka miguuni kwa baba. Mama alicheka mpaka akakaa chini. Na mimi nilicheka, ndiyo maana sikujifunza kitu.

Sasa, juzijuzi hapa kwetu, pembeni mwa vichaka vya Itigi, ulikuja mradi wa mizinga ya nyuki ya kisasa. Tuligombea vitongoji viwili, chetu na cha binamu yangu, mtoto wa shangazi. Binamu ni mtani. Mimi na yeye tangu utotoni tukitukanana ndiyo tumesalimiana. Mizinga yake yote ya magome iliungua na moto wa vichakani, akabaki na mbuzi na mdomo. Hiyo ya mradi aliisubiri kama tunavyosubiri mvua.

Watu wa mradi wakasema mizinga itaenda penye wadudu wa aina nyingi, maana huko maua hayakosekani. Wakamleta binti wa chuo. Akatega bakuli za njano zenye maji ya sabuni pande zote mbili, mimi ndiye nikimtembeza. Kwetu walinaswa wadudu wengi mno. Kwa binamu, mbuzi wake walipindua bakuli, wakapatikana wachache.

"Tumeshinda," nikamwambia binti.

"Bado, babu. Kwenu ni wengi kwa sababu bakuli zilisimama. Kompyuta itachota kwenu bila kuchagua, idadi ileile ya kule, ndipo tuhesabu aina."

"Yaani wadudu wangu wengine unawatupa?"

"Siwatupi, babu. Siwahesabu tu."

Nikaelewa. Ni bambo la kufumba macho.

Akaandika maneno yake kwenye kompyuta, akanionyesha namba moja. Ukiiacha, kompyuta inachota walewale kila ukiiamuru. Ukiibadilisha, inachota wengine. Mara simu yake ikaita. "Bonyeza hapo tu, babu, nakuja," akasema, akatoka kutafuta mtandao.

Nikabonyeza. Tumeshindwa. Kumbe wengi wetu walikuwa nzi wa aina moja.

Hapo ndipo shetani wa karanga aliponirudia. Nikaweka mwaka niliooa, tukashindwa. Nikaweka idadi ya wajukuu, tukashindwa. Nikaweka umri wa mke wangu, ule anaousema yeye, tukashindwa. Nikaweka ule wa kweli, tukashinda. Nikaacha hapohapo, nikakunja mikono kama niko kanisani.

Mkutanoni binti akasoma matokeo. Watu wa upande wa pili wakaanza kunung'unika. Binamu akasimama.

"Nyamazeni. Huyu jambazi ameiba tangu tumboni kwa mama yake, lakini kompyuta haina binamu. Wapeni mizinga yao."

Watu wakacheka. Mimi nilicheka kuliko wote.

Mizinga ikatundikwa kwetu. Nyuki waliingia, wakakagua, wakaondoka. Nzi ndio wamebaki.

Kisha binti akapiga simu kutoka chuoni. "Shikamoo babu. Nimerudia kuchota kwa namba nyingi sana, na kwenu mnashindwa karibu kila mara. Siku ile ilikuwaje?" Nikamweleza. Akasema na yeye alikosea kuamini kuchota mara moja. Mizinga ilikuwa imeshagawiwa, mradi umeshaondoka.

Wenzangu, mkipewa bambo la kufumba macho, fumbeni. Jibu la kwanza likiuma, liacheni liume. Msilichokonoe mpaka liwachekee.

Binamu alipokuja kwangu kunywa chai kama kawaida yake, nikamwambia yote. Nilimsimulia kwa vichekesho, mpaka umri wa mke wangu. Nikangoja matusi. Hata la kumjibu nilikuwa nimeshaliandaa.

Alimaliza chai, akaweka kikombe chini taratibu.

"Nashukuru kwa chai, ndugu yangu," akasema.

Maisha yetu yote hajawahi kunishukuru.

Akavaa kofia yake. Ule mlango wangu wa miba, ambao yeye siku zote huuacha wazi makusudi ili mbuzi waingie kwangu, akaufunga vizuri nyuma yake. Hajarudi tena.