Uzi wa Mtu wa Nyumbani

Muzee Gustave alifika mlangoni kwa Musoki akiegemea gongo, mguu wake wa bandia ameukumbatia kwapani kama mtu anayepeleka kuku sokoni. Hakuja na ugomvi. Aliketi kwenye kibao, akauweka mguu juu ya mkeka, akanyoosha kidole kwenye mkanda wa ngozi ambao kazi yake ilikuwa kuushika mguu huo pajani.

"Mama Musoki, iliniangusha," alisema. "Mu barabara, mbele ya watu. Watoto walifikiri niko nacheza, wakanipigia makofi."

Alikuwa amefunga kitambaa kwenye kiwiko. Musoki alikiona, akainamisha macho kwenye mkanda. Ngozi ilikuwa nzima. Kilichoachia ni mshono, tena mstari mzima. Alipovuta kipande cha uzi kilichobaki kwenye tundu, kilimkatikia vidoleni bila nguvu yoyote, kama nyasi kavu.

"Ni miye nilishona hii," alisema.

"Najua ni weye. Ndiyo maana nilirudia."

Adeline Musoki alikuwa mwanamke wa Butembo aliyehamia Bunia vita ilipomfukuza, akapanga chumba mtaa wa Shari na kuendelea na kazi aliyofundishwa na baba yake: kushona ngozi kwa mkono. Watu walimletea mikoba, majalada ya Biblia, viti vya pikipiki. Kwake ngozi haikuwa tatizo. Mkoani Ituri ng'ombe wapo. Kilichomsumbua siku zote ni uzi. Kabla ya kukubali kazi alimuuliza mteja kitu kile kitaishi wapi. Cha kukaa kabatini, uzi wa pamba unatosha. Cha kupigwa mvua au kulowa jasho, pamba itaoza ndani ya mshono pasipo mtu kujua. Hapo alitaka uzi wa nyavu, ule wa nailoni unaotoka bandari ya Mahagi-Port, ambao wavuvi wanautupa ziwani na hauozi. Na mkanda wa Muzee Gustave ulikuwa ukinywa jasho toka asubuhi mpaka jioni. Aliuchagulia uzi wa nyavu. Alikumbuka hata siku aliyouchagua.

Baada ya Gustave kujinyoosha kivulini, Musoki alichukua kiberiti akakiunguza kile kipande. Uzi wa nyavu ukiunguzwa huyeyuka, ukafanya kichwa cheusi kigumu kama mbegu. Huu uliwaka kama karatasi, ukabaki majivu laini. Ilikuwa pamba, iliyopakwa rangi na kukolezwa nta ifanane na uzi wa nyavu.

Kila mshonaji wa Bunia huunguza ncha ya uzi pale pale mezani kwa muuzaji kabla ya kununua. Musoki peke yake hakuunguza, na sababu ilikuwa Clémence.

Clémence naye alikuwa wa Butembo, mkubwa kwake kidogo, na Musoki alimwita yaya, yaani dada mkubwa. Ndiye aliyempokea aliposhuka kwenye lori na mfuko mmoja. Alilala kwake, alivaa kitenge chake, na kanisani waliketi benchi moja. Clémence aliuza nyuzi, sindano na nta sokoni. Mara ya kwanza Musoki alipoenda kununua kwake, alitoa kiberiti kama alivyozoea. Clémence alicheka, lakini si sana.

"Uko naniunguzia uzi? Miye nilikupikia, leo unanipima sawa mwizi?"

Musoki aliona haya mpaka masikio yakamwaka. Tangu siku hiyo kiberiti kilibaki nyumbani. Clémence alimwekea bobini yake ya uzi pembeni, imefungwa kwa kitambaa, na Musoki aliichukua bila kuifungua. Ndivyo watu wa nyumba moja wanavyoheshimiana.

Sasa, akiwa na majivu kwenye ncha ya kidole, alikumbuka jambo jingine. Alipokuwa akiushona ule mkanda, uzi ulitoa manyoya kidogo kwenye tundu la sindano. Kidole chake kilisikia. Alijiambia nta imezeeka, akaendelea.

Alienda sokoni haraka, na alichobeba moyoni kilikuwa huruma. Yaya amedanganywa, alijisemea njia nzima. Aliyemletea mzigo amemchanganyia pamba, naye hajui. Lazima aonywe kabla hajamuuzia mwingine.

Mezani alimkuta Rodrigue, fundi viatu asiyemfahamu Clémence zaidi ya kununua kwake. Alikuwa ameinama, ameziba upepo kwa kiganja, akiunguza ncha ya uzi. Kichwa cheusi kilijitokeza, kigumu.

"Iko muzuri," alisema Rodrigue.

"Ningekuuzia mubaya, ungenikula muzima," Clémence alimjibu, akamfungia.

Musoki alishusha pumzi. Kumbe mzigo mpya ulikuwa mzuri. Kisha Clémence akamwona, akatabasamu, akaingiza mkono chini ya meza na kutoa bobini iliyofungwa kwa kitambaa.

"Adeline wangu. Yako ni hii, nilikuchungia."

Musoki aliifungua. Mikono yake ilifanya hivyo kabla hajaamua.

"Papa Rodrigue, unikopeshe kiberiti."

Uzi uliwaka kama karatasi. Majivu yakaanguka juu ya meza, kati ya sindano. Rodrigue aliyatazama, akamtazama Clémence, akachukua mzigo wake akaondoka bila kudai kiberiti.

"Yaya, ulijua?"

Clémence alifagia majivu kwa upande wa mkono. Alipojibu, sauti yake ilikuwa ya kawaida, kama anayeeleza bei ya nta.

"Ile pamba ilinibakia mu mikono. Walinidanganya nayo, miye pia. Ningemuuzia nani? Watu wote wanaunguzaka."

"Njo maana ukaniuzia miye."

"Weye hauunguzaka." Aliinua macho. "Na weye uko mutu ya nyumba. Nilijua hata ukivumbua, hautaniletea polisi hapa."

Wageni walipewa uzi mzuri kwa sababu hawakumwamini. Yeye aliyemwamini ndiye aliyetengewa mbovu, ukafungwa kwa kitambaa safi.

"Muzee moja alianguka," alisema mwishoni. "Yeye njo alikuwa anatembea na uzi yako."

"Pole yake. Sikujua utashona mukanda."

"Haukuniuliza."

Aliirudisha ile bobini mezani, akaonyesha ile ambayo Rodrigue alipimiwa. "Nipe hii. Uniuzie sawa mugeni."

Clémence alimpimia. Musoki akaiunguza ncha mbele yake, akangoja mpaka kichwa kipoe, akakibana kwa kucha kujua kama ni kigumu. Hakuharakisha. Clémence aligeuka akaanza kupanga sindano ambazo tayari zilikuwa zimepangwa.

Jioni Muzee Gustave alifunga mkanda wake ulioshonwa upya, akasimama, akaenda mpaka barabarani na kurudi, akikanyaga kwa nguvu makusudi.

"Sasa inashika. Ile uzi ingine uliitoa wapi?"

"Kwa yaya yangu."

Gustave alichukua gongo lake, akaaga.

Kabla giza halijaingia Musoki aliwakumbuka wote walioshonewa kwa ile pamba. Jalada la Biblia la Lucien litadumu, liko kabatini. Mkoba wa Bibiane, mkunga anayetembea na mvua, hautadumu. Alijifunika kitenge akaenda kwake, akamkuta akichambua sombe, majani ya muhogo.

"Nimefuata mukoba. Nilikushonea mubaya."

Bibiane aliuleta, akaugeuza geuza, akavuta mkanda kwa nguvu.

"Lakini hii iko nzima, mama. Angalia."

"Bado haijafika siku yake," Musoki alisema. "Unipe tu."