Ukoko Ulioitwa Ovataimu

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, nilipoogopa kikapu changu mwenyewe. Kilikuwa kitupu. Nilijua ni kitupu, kwa maana nilikuwa nimekikung'uta jikoni kabla ya kutoka, na bado nilikichungulia tena na tena nikielekea langoni.

Usinicheke. Juzi ulikuja hapa na aproni yako mpya, ukajizungusha mbele ya kioo changu na kuniambia, "Shosho, nimepata kazi jikoni, shule ya bweni!" Nilifurahi, haki ya Mungu nilifurahi. Lakini uliposema kwamba kazi ya wikendi hailipwi kwa sababu mnakula bure, furaha yote ilinitoka. Keti hapo. Hiyo simu iweke chini, haitakimbia. Nikuambie yaliyonipata nikiwa na umri kama wako.

Ilikuwa miaka ya themanini. Nilikuwa mpishi katika shule ya bweni ya wasichana, upande wa Kariokor, Nairobi. Jina lake sitalitaja. Mama yako Mwende alikuwa ndiyo kwanza ameanza shule, na mjomba wako bado yuko mgongoni. Babu yako alikuwa dereva wa lori, mtu wa kwenda Mombasa na kurudi akijisikia, na safari moja hakujisikia kurudi. Kwa hivyo kodi ya chumba kule Bahati, chakula, sare za shule, vyote vilikuwa juu yangu. Kama ningefukuzwa kazi, watoto wangelala nje. Hilo nilikuwa nalo kichwani nikikoroga uji, nikilala, nikiamka.

Sasa, watoto wa bweni wanakula Jumapili kama wanavyokula Jumanne. Hakuna siku wanayokuambia leo pumzika. Uji uwe tayari kabla jua halijatoka, githeri, mahindi na maharagwe, iwe imeiva kabla giza halijaingia, na ikifika sikukuu wapo wale ambao hawakuchukuliwa nyumbani, nao wana matumbo. Tulifanya kazi siku hizo zote. Malipo ya ziada hatukuyajua. Tulichokuwa nacho ni desturi ya jikoni.

Desturi yenyewe ni hii. Wasichana wakishamaliza kula Jumapili, Mzee Kilonzo, mpishi mkuu, aliinamia zile sufuria kubwa akabandua ukoko wa ugali, vipande vipana vipana. Akaviweka juu ya meza pamoja na mkate uliobaki na maharagwe ya mwisho, akagawa. Mwenye watoto wengi alipata zaidi. Askari wa lango alipata, dobi alipata, aliyeosha masinia alipata. Mzee hakuibuni desturi hiyo. Alimkuta mpishi aliyemtangulia akifanya hivyo, naye akaendelea.

Bursa wa shule, yule mshika pesa, alikuwa akipita pale mlangoni, mikono mfukoni. "Naona mnalipwa ovataimu yenu!" husema, na sisi hucheka. Mimi nilicheka kwa sauti kuliko wote, nikitaka anione mtu mwema. Ala! Ujana una mambo.

Basi siku moja dobi wetu, Mama Achieng', alikutana sokoni na mwenzake anayefua katika shule nyingine ya bweni. Akarudi macho yamemtoka. Kumbe wale wenzetu walikuwa wanalipwa ziada kwa wikendi na sikukuu, tena wanaolala nje ya shule wanaongezewa kitu cha nyumba! Tulishauriana jikoni. Mwishowe tukaenda ofisini wanne: Mzee Kilonzo, Mama Achieng', Juma askari wa lango, na mimi nyuma kabisa, nimejificha mgongoni mwa mzee.

Bursa alitusikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Na kile mnachobeba kila Jumapili ni nini?"

"Ni makombo tu, bwana," Mama Achieng' akajibu.

"Makombo ya nani?"

Bursa hakungoja jibu. Akatabasamu, akasema, "Nimewasikia. Rudini kazini," akafunga mlango polepole. Angetutukana ningepumua. Lile tabasamu lilinifuata siku nzima.

Tulipofika jikoni, Mzee Kilonzo alisema kuanzia saa ile hakuna kitu kitakachotoka pale. Hata ukoko. Vyote vitiwe kwenye ndoo za yule mtu wa mkokoteni aliyekuwa akichukua mabaki kwa ajili ya nguruwe wake.

Nilipandwa na hasira. "Mzee, yaani nguruwe washibe, mtoto wangu alale njaa?"

"Mama Mwende, nyamaza unisikilize," akasema. Hakuwahi kunikaripia, na mbele za watu tena. "Ulimsikia? 'Makombo ya nani?' Yule hakuwa anauliza. Alikuwa anatuonyesha mahali atakapotushikia. Nyinyi mnamwomba haki na kikapu kimejaa mali ya shule. Ukitaka kudai, kwanza mikono yako iwe mitupu."

Nilirudi kwenye sufuria zangu, lakini moyoni nilisema huyu mzee ni mwoga tu. Nyumbani Mwende aliniuliza, "Mama, leo hakuna ukoko wa shule?" nikamfokea bure, maskini ya Mungu, kisha nikampikia uji mweupe na kulia kando ya jiko la makaa.

Zile wiki zilizofuata nilizipitisha roho mkononi. Siku hizo neno mchochezi halikuwa la mchezo. Mtu akishaitwa hivyo, hata jirani aliyekuwa akikukopa chumvi hakuoni tena. Juma alitunong'onezea kwamba bursa alikuwa ameuliza ni nani aliyeanza maneno ya malipo. Tukawa tunazungumza sufuria zikigongana tu, ili aliye nje asisikie. Nilianza kumshuku hata msichana wa kuosha masinia, mtoto asiye na hatia yoyote.

Halafu ikaja Jumamosi hiyo. Tulikuwa tumemaliza chakula cha mchana, wa zamu ya asubuhi tunakwenda nyumbani. Nikaona Landrova ya polisi imesimama langoni. Bursa yuko pale na maafande wawili, na Juma ameamriwa apekue kila kikapu. Juma mwenyewe! Mtu tuliyeingia naye ofisini. "Chakula kinaibwa stoo," bursa akatangaza. "Pangeni mstari."

Tukapanga. Mama Achieng' alikuwa mbele yangu. Akageuza uso kidogo.

"Mama Mwende," akaninong'oneza, "nimebeba."

"Umebeba nini?"

"Mkate. Na ukoko kidogo. Achieng' ana homa, tangu jana hataki kitu ila mkate."

"Si mzee alikataza?"

"Najua alichokataza."

Walahi, mwanangu! Akipatikana yeye, sote tumepatikana. Bursa angesema, wale wezi waliokuja kudai malipo, ndio hawa! Na kurudi nyuma hatungeweza, afande mmoja alikuwa amesimama nyuma ya mstari. Nikaanza kuwaza nani atanichukulia watoto. Nikaangalia kikapu changu tena, nikakiinamisha, nikakiona kitupu, na bado sikukiamini.

Zamu ya Mama Achieng' ikafika. Juma akatia mkono kikapuni, chini ya kanga, na mkono ukasimama. Niliuona ukisimama. Alikuwa na watoto wake kule Pumwani, na kazi yake ilikuwa ile ile anayoishikilia kwa vidole. Akautoa mkono mtupu.

"Hakuna kitu," akasema. "Pita, mama."

"Ngoja," bursa akasema. Akaja mwenyewe, akaitoa ile kanga, na mkate ukaonekana, umefungwa na vipande vya ukoko ndani ya gazeti.

Mkubwa wa wale maafande, mtu mzima mwenye kitambi, akautazama ule ukoko. "Hiki ndicho cha stoo?" akauliza.

"Wizi ni wizi," bursa akajibu.

Ndipo Mzee Kilonzo akatoka kwenye mstari, kofia mkononi. "Nimempa mimi, afande. Mimi ndiye ninayegawa jikoni."

Uongo mtupu! Hakuwa amempa chochote. Lakini alikuwa amesema.

"Kwa ruhusa ya nani?" bursa akafoka.

"Yako, bwana. Ulituambia miaka hii yote kwamba ndiyo ovataimu yetu."

"Ule ulikuwa mzaha!"

Afande akatugeukia. "Nani mwingine amewahi kupewa?"

Nilisikia wasichana wakicheka huko mabwenini, nikatamani niwe mmoja wao. Nilijiambia, Mama Mwende, funga mdomo, una watoto. Nilijiambia hivyo kabisa, na huku nasikia sauti ikitoka, nyembamba, inayumba, kumbe ni yangu. "Mimi, afande. Kila Jumapili. Tuliambiwa ni malipo yetu."

Juma akasema, "Na mimi." Kisha Mama Achieng'. Kisha yule msichana wa masinia niliyekuwa nikimshuku. Mpaka mstari wote ukaisha.

Afande aliiangalia Landrova yake, akatuangalia sisi. "Nikibeba hawa wote," akamwambia bursa, "jioni wasichana watapikiwa na nani? Na wewe?" Mtu fulani alicheka. Si mimi. Mimi nilikuwa nimeshika ukuta.

Lakini maafande walikuwa wameitwa, na hawangeondoka bila mtu. Wakamchukua Mzee Kilonzo. Alipanda nyuma ya gari taratibu, akaniambia nisisahau kuloweka maharagwe ya kesho.

Jumapili ile sitaisahau. Nilipika mikono ikifanya kazi peke yake. Nyumbani nilitia nguo za watoto ndani ya boksi, nikamwachia jirani maelekezo ya njia ya kwa mama yangu Machakos, iwapo nisingerudi. Kila mtu aliyepita dirishani nilidhani amenijia mimi. Mwende aliniuliza kama tunahama. Nikamwambia tunapanga nguo tu.

Jumatatu mzee aliachiliwa. Hakukuwa na kesi ya kumshtaki nayo. Hata hivyo bursa alimfukuza kazi siku hiyo hiyo, bila asante.

Lakini sikiliza sasa. Maneno ya langoni yalifika kwenye bodi ya shule, maana jiko zima kukiri si jambo dogo. Bodi ikamwita afisa wa kazi wa serikali. Huyo akatuita mmoja mmoja, na kila mmoja, kwa woga wake, akasema lile lile: tuliambiwa ukoko ni ovataimu. Naye akamwuliza bursa swali moja tu. Kama watu hawa walikuwa wanalipwa ovataimu kwa chakula, basi kuna ovataimu waliyostahili, si ndiyo? Bursa alikosa pa kutokea. Kuanzia muhula uliofuata tukalipwa wikendi na sikukuu, kwa pesa. Mzee Kilonzo hakupata hata senti, maana hakuwa tena mfanyakazi wa shule.

Nilipopata malipo yale ya kwanza nikamfuata mzee kule mtaa wa Baba Dogo. Alikuwa akikaanga mandazi kando ya barabara, akiwauzia watu wa viwandani. Nikamwekea nusu ya pesa mezani, nikalia. Nikamwambia anisamehe, nilikuwa nimemwona mwoga.

"Nilikuwa mwoga," akasema, akigeuza mandazi. "Hata leo nikisikia Landrova natafuta pa kujificha. Kwani wewe hukuogopa?"

"Niliogopa, mzee."

"Na ukasema."

Kisha akanirudishia pesa zile, akazikunja ndani ya kiganja changu. "Hii ni haki yako, usianze kuigawa kama ukoko. Na usidhani kosa letu lilikuwa kugawana chakula. Kugawana ningegawana tena kesho. Kosa ni pale alipokiita malipo, nasi tukacheka. Siku ile ile ningeweka mwiko chini nikamwambia, hapana bwana, hiki ni chakula tu, ovataimu bado. Singepoteza kitu. Nilingoja mpaka likawa jambo la polisi."

Basi hayo ndiyo niliyotaka uyabebe, mwanangu. Chakula chao kula, si dhambi, na useme asante, maana mimi sikumlea mama yako akose adabu. Lakini wakikiita chakula hicho malipo yako ya Jumapili, usicheke nao. Wajibu siku hiyo hiyo, kwa upole, wenzako wakisikia. Ofisini usiende peke yako. Wala usidai haki huku umeshika kitu chao, hata kama walikupa wenyewe, kwa kuwa siku utakapodai, zawadi yao wataigeuza wizi. Nimeliona kwa macho yangu. Na woga usiungoje uishe ndipo useme. Wangu haujaisha mpaka leo, na nimezeeka nao.

Mungu akupe mkubwa wa jikoni kama yule wangu, akuepushe na bursa kama yule wangu. Awape wanao shibe ya halali. Na siku utakapoulizwa swali mbele ya watu, na kila kitu ndani yako kikikuambia unyamaze, Mungu mwenyewe akakutangulie mdomoni. Amina. Haya, inuka ukalale, kesho kuna uji wa watu unakungoja.