Ukuta wa Sebule na Kura za Kibokoni

Niliporudi kutoka Ghuba nilirudi na vitu ambavyo hakuna mtu wa ukoo wetu aliyewahi kurudi navyo kwa pamoja: akiba yangu mwenyewe, afya njema, na diploma ya usimamizi wa miradi niliyoisomea jioni baada ya kazi ya ghalani. Akiba niliitia katika ghorofa ya tatu ya nyumba yetu ya mawe hapa Kibokoni, Mji wa Kale, ghorofa ambayo mafundi wawili walisema haiwezekani na wa tatu akaijenga. Afya ningali nayo. Diploma niliitia fremu ya rangi ya dhahabu nikaitundika sebuleni, mkabala na mlango, pale jicho la mgeni linapoangukia kwanza.

Mahali hapo palikuwa na saa ya ukutani ya shangazi yangu. Ilikuwa ya mbao, imepakwa vanishi mara nyingi mpaka ikawa nyeusi, na ilikuwa na tabia ya kugonga saa nne ilhali jua liko utosini. Niliishusha nikaiweka stoo, nyuma ya mitungi ya maji. Shangazi, ambaye ndiye aliyenilea na ndiye mwenye nyumba, aliutazama ukuta, akanitazama mimi, akaenda kupika. Samaki wa siku zile alikuwa na chumvi nyingi.

Hali ilikuwa hiyo uchaguzi ulipotukuta.

Eneo bunge letu ni kisiwa, na asiyekijua hudhani kisiwa ni kimoja. Upande wa Kilindini wako makuli, makarani, madereva wa malori na mawakala wa forodha, wengi wao Wakristo waliotoka bara na wakazalia hapa hapa. Hao humwuliza mgombea habari za kazi na kodi ya nyumba. Upande wetu wa Mji wa Kale wako waliokaa tangu mababu, wafanyabiashara, maseremala na walimu wa madrasa. Sisi humwuliza mgombea yeye ni mtoto wa nani. Katikati ni sokoni, ambako huulizwa amekuja na nini. Tangu uhuru kila aliyetaka kutuwakilisha amelazimika kujibu maswali hayo yote, na wengi walijibu moja tu, wakashangaa walipoangushwa.

Mtu akitaka historia yenyewe, asiende maktaba, aje kwetu siku ya usafi. Leso aliyopewa shangazi zama za chama kimoja sasa hufunika unga wa mahamri. Fulana za vyama vingi hupigiwa deki, za rangi zote, maana shangazi hakumnyima mgombea yeyote nafasi ya kumpa kitu. "Atoaye ni mwema," husema, "na sakafu haina chama."

Safari hii aligombea rafiki yangu tuliyekaa dawati moja shuleni. Alipopata habari kwamba nimerudi na ujuzi, alikuja mwenyewe, akapanda ngazi mpaka ghorofa yangu ya tatu, akaisifu, akasema, "Bandarini nina watu. Nipatie Kibokoni."

"Hesabu umepata," nikamwambia.

Siku ile ile nilishuka barazani, lile baraza lililo chini ya dirisha letu. Mkubwa wa pale ni mzee mmoja aliyestaafu ukarani wa bandarini, mtu wa kofia safi na ulimi mkali. Nikawaeleza jinsi nitakavyoendesha kampeni kisasa.

"Na rafiki yako akishindwa hapa?" akauliza mzee.

"Hashindwi. Nimeshapanga."

"Umepanga na nani?"

"Na utaalamu."

"Utaalamu," akasema mzee, akiwageukia wenzake. "Huyo ni jamaa wa wapi? Hatujamzika mtu wa kwao hapa."

Walicheka mpaka muuza kahawa akasimamisha vikombe vyake. Mtu aliyejitengeneza mwenyewe hakubali kuchekwa mlangoni pake. Nikasema mbele yao wote, "Akishindwa katika kituo chetu hiki cha shuleni, ile diploma naishusha ukutani kwa mikono yangu."

Sauti ikatoka dirishani, juu ya vichwa vyetu.

"Nshasikia," akasema shangazi.

Niliandaa ratiba ambayo hata leo naionea fahari. Bandarini ilikwenda kama maji. Mgombea alisimama juu ya kreti wakati zamu zikibadilishana, akasema maneno yake machache kuhusu kazi, makuli wakapiga mbinja, tukaondoka kabla ya lori la pili kupiga honi. Vivyo hivyo kwenye nyumba za reli. Watu wa kule huishi kwa king'ora cha zamu, na ratiba yangu waliielewa kama lugha yao.

Kisha tukaingia Mji wa Kale. Nilikuwa nimempa kila baraza dakika kumi. Baraza la kwanza mgombea alitoa salamu, akaitikiwa, akaulizwa hali, akauliza hali, akaulizwa hali ya babake, akapewa pole ya nyanyake aliyefariki yeye mgombea akiwa bado mtoto, akapewa kahawa, na dakika zikaisha hajatamka neno maji wala neno barabara. Baraza la pili likawa vile vile, na kashata juu yake. Tulipofika chini ya dirisha letu tulikuwa tumechelewa vibaya, na tuktuk iliyopaswa kumpeleka kwenye mkutano wa sokoni ilikuwa ikinguruma pembeni.

Mzee wa baraza alikuwa ameushika mkono wa mgombea kwa mikono yake miwili. "Na mamako," akasema, "magoti yake yako hali gani sasa?"

Nikamvuta mgombea kwa mkono wa kanzu. "Muda umekwisha, Mheshimiwa."

Tukaondoka. Nilipogeuka nilimwona mzee bado ameinua mikono, kama mtu aliyenyang'anywa sinia.

Alasiri ile shangazi aliniita nikae naye jikoni. Alikuwa akisukuma mahamri.

"Umemkata mtu salamu," akasema.

"Tulikuwa nyuma ya ratiba, shangazi."

"Ratiba ya nani? Mzee wa watu aliuliza magoti ya mwanamke mgonjwa. Hakuuliza barabara."

"Kampeni ni sera, shangazi."

"Kampeni ni kujua atakuja mazikoni au hatakuja. Hilo hujulikana kwenye salamu." Akakata donge la unga. "Ile saa uliyoitupa stoo wajua imetoka wapi?"

Nikasema dukani.

"Imetoka kwenye uchaguzi," akasema, na akanisimulia. Ulikuwa uchaguzi wa mlolongo, ule wa kupanga foleni nyuma ya umtakaye, watu wote wakikuona. Marehemu mumewe alipanga nyuma ya mtu wake pamoja na wanaume wote wa mtaa. Shangazi akaenda kupanga nyuma ya yule mwingine, kwa sababu yule alikuja kwenye hitima ya mamake shangazi hali si mgombea wa chochote. Mlolongo wake ulikuwa mfupi, wa watu wa kuhesabika, na ndio uliotangazwa umeshinda.

"Hata mimi nilishangaa," akasema shangazi. "Mume wangu alinikasirikia mara mbili. Mara ya kwanza kwa kuutoka upande wake, mara ya pili kwa kushinda. Hakunisemesha. Namwekea chakula, ala, ainuka. Mwisho akaja na ile saa. Akaitundika pale, akasema, kila ikigonga, mmoja wetu lazima amwambie mwenzake ni saa ngapi. Na tangu siku ya kwanza ilikuwa yagonga uongo, kwa hivyo tulikuwa na mengi ya kubishania."

Akaendelea kusukuma. Mimi nilifikiri juu ya fremu yangu ya dhahabu. Lakini neno langu lilikuwa limeshatoka barazani, na mtu wa diploma harudi nyuma.

"Basi utampigia nani?" nikamwuliza.

"Siku hizi kuna sanduku," akasema. "Mlolongo uliisha."

Asubuhi ya uchaguzi nilifika kituoni mapema, kama msimamizi yeyote wa mradi. Na nikaona mlolongo. Shangazi alikuwa mbele, na nyuma yake, kwa mabuibui, wanawake wa uchochoro wetu mzima, wakizungumza magoti ya mamake mgombea. Nikawasalimu. Wakaniitikia kwa ufupi sana, kwa dakika za ratiba.

Rafiki yangu alishinda ubunge. Hilo nataka lieleweke, kwa sababu kuna watu husimulia habari hii wakaliacha. Bandarini alizoa, kwenye reli akazoa, sokoni akapita, na kazi yote ile ilikuwa yangu. Kibokoni peke yake alishindwa, tena na mtu ambaye hakuwa na hata kipaza sauti.

Asubuhi matokeo yalipotangazwa, mzee wa baraza alipanda ngazi akiwa na nyundo. "Nimekuletea, baba," akasema, "usije ukasingizia vifaa."

Nikaishusha diploma. Shangazi akaitoa saa stoo mwenyewe, akaipangusa vumbi kwa fulana ya mgombea mmoja wa zamani, nami nikaitundika. Nilimwuliza tena kama kura yake ilikuwa ya mtu au ya saa. Akasema kura ni siri, na saa imerudi, na mimi ni mtoto wake, kwa hivyo ninywe chai.

Diploma sasa iko kwenye ngazi, kona ya kupandia ghorofa ya tatu. Ni mahali bora zaidi, maana mgeni aendaye juu hupumzika pale na husoma yote.

Mheshimiwa alikuja kushukuru majuma machache baadaye. Nilimshauri mimi mwenyewe aje bila ratiba. Alikaa barazani tangu baada ya alasiri, mikono yake ndani ya mikono ya mzee, wakianzia magoti ya mamake pale yalipokatizwa. Walikuwa wamefika kwa wajukuu wakati saa ilipogonga juu sebuleni, mara mbili.

"Saa ngapi?" shangazi akauliza kutoka dirishani.

Nilikuwa nimevaa saa ya mkono ya Ghuba, isiyokosea hata kidogo. Sikuitazama.

"Saa nane, shangazi," nikamwambia.

"Uongo," akasema. "Magharibi hiyo yaingia. Mwambie Mheshimiwa asiondoke, mahamri yako motoni."