Kisu cha Dada Zena

Wenzangu mliokulia Kariakoo kabla ya Uhuru mtakumbuka kwamba mwanamke hakwenda shughulini mikono mitupu. Alikwenda na kisu chake. Mtaani kukiwa na harusi, arobaini au Maulidi, asubuhi uliwaona kina mama wanatoka majumbani na kanga zao, kila mmoja kakiviringisha kisu chake ndani ya kitambaa na kukibana kwapani. Mipini ilifungwa uzi ili visu visibadilishwe. Uzi wa mama yangu ulikuwa mwekundu. Aliyekuja bila kisu alipewa kazi ya kuchambua mchele pamoja na sisi watoto, na siku nzima alitaniwa.

Nimekumbuka haya kwa sababu ya msiba. Dada yangu mkubwa, Zena, ametangulia mbele ya haki mwaka huu. Baada ya arobaini binti zake waliniita, wakaniambia, mama mdogo, chagua chochote cha mama ukipendacho. Kulikuwa na vitenge, kulikuwa na kabati la vyombo, kulikuwa na redio. Nikaomba kisu chake cha jikoni. Walitazamana. Mmoja akacheka, akasema, "Mama mdogo, kile si kimekwisha?"

Ni kweli kimekwisha. Kimenolewa hadi kimekuwa chembamba kama jani la mchaichai. Lakini mimi nilikuwepo siku kiliponunuliwa.

Tulikuwa tunakaa nyumba ya kupanga, vyumba vitatu huku na vitatu huku, ukumbi katikati, ua nyuma. Uani ndiko yalikokuwa maisha. Alfajiri uliamshwa na harufu ya vitumbua vya mpangaji mwenzetu, mama mmoja tuliyemwita Mama Sijali, na jioni na moshi wa mkaa na nazi inayokunwa. Sisi watoto tulicheza rede na kombolela mpaka vumbi lituingie masikioni. Mchezo wangu mimi ulikuwa kupikapika. Vifuu vya nazi vilikuwa sufuria, mchanga ulikuwa mchele, na kisu kilikuwa kipande cha bati kilichodondoka kutoka paani. Wajukuu zangu leo wanapika kwenye simu, wanabonyeza keki inatokea. Nimewauliza inanukiaje, wakaendelea kubonyeza.

Mama hakusoma, na mimi mwenyewe niliishia darasa la nne, lakini kisu alikijua. Alikuwa na taratibu zake. Kwanza alikigonga bapa kwa ukucha na kutega sikio. Kisu kizuri hulia na mlio wake hukaa. Kibovu husema *ta* kikanyamaza. Kisha alikishika mbele ya jicho, makali yakielekea mwangani. Ukiona mahali panameta, alisema, hapo hapana makali, maana makali ya kweli hayaonekani. Halafu alitazama mpini. Chuma lazima kifike mwisho wa mpini, na misumari ya shaba ipenye huku na huku. Kisu ambacho chuma chake kimeingia nusu tu siku moja kitakuachia mpini mkononi na bapa ndani ya boga. Mwisho wa yote alitoa nyanya. Mama yangu alikuwa akienda kununua kisu na nyanya mbivu ndani ya kikapu, tena ile iliyokaribia kupasuka. Kisu kikiibonyeza kabla ya kuikata, alikirudisha.

Nyumbani kisu hakikulazwa majini, hakikukata juu ya jiwe, wala hakikupokezwa mkono kwa mkono. Ukimtaka mwenzio akupe, alikiweka chini, ukakiokota. Mama alisema kisu kinachotoka kiganjani kwenda kiganjani huacha ugomvi katikati.

Na katika nyumba hiyo ya mjuzi wa visu, Dada Zena hakujua kukata kitunguu.

Dada yangu alikuwa mashoto. Ninyi wa umri wangu mnajua maana yake wakati ule. Chuo cha Kurani alichapwa, shuleni alipigwa rula ya vidole, na nyumbani Mama alimsema mpaka akachoka. Kula alijifunza kwa mkono wa kulia, kuandika pia. Kisu kilimshinda. Akikishika kwa kulia, alijikata. Akikishika kwa kushoto, kitunguu kilitoka kinene upande mmoja, chembamba upande wa pili. Vipande vyembamba viliungua kwenye mafuta, vile vinene vikabaki vibichi, na pilau ikawa na uchungu. Mama Sijali alikuwa na mzaha wake. Akiona kitu chochote kimekwenda upande, iwe ukuta au kofia ya mtu, alisema, "Hicho kimekatwa na Zena." Ua mzima ulicheka. Dada naye alicheka, lakini baadaye nilimkuta amekaa chooni kwa muda mrefu kuliko haja.

Ndipo ikaja posa. Mchumba alikuwa kijana mpole, fundi cherehani, na Dada alimpenda. Hilo nililijua kwa vile alivyopita mbele ya baraza la washonaji hata tulipotumwa upande mwingine. Tatizo lilikuwa mama mkwe. Bi Kidawa alikuwa mkuu wa wapishi katika mitaa yetu. Hakuna sufuria kubwa iliyoinjikwa shughulini asiyoisimamia yeye. Mama akapata habari kwamba Bi Kidawa amesema atamtazama huyo binti jikoni, kwenye harusi iliyokuwa inakuja mtaa wa pili. Kila mtu alielewa maana yake. Posa ilikuwa imepokelewa, lakini posa hurudishwa.

Dada alisema haendi. Alisema ni heri aolewe na mtu asiyemjua kuliko kuaibishwa mbele ya mtu anayemtaka.  Kesho yake asubuhi Mama alitia nyanya na vitunguu kwenye kikapu, akatwambia tuvae viatu.

Tulikwenda kwenye duka la vyombo karibu na soko. Mwenye duka alikuwa Mhindi, lakini aliyeuza hasa ni mkewe, Mama Jayanti, mwanamke mnene mwenye sauti ndogo. Aliuza visu vya aina mbili. Vya Ulaya vilikaa ndani ya kabati la kioo. Vya wahunzi wa mtaa wa Gerezani, vilivyofuliwa kwa spring za malori, vilining'inia mlangoni kwa kamba. Mama alikuwa haangalii kabati kabisa. Alisema vya Ulaya vimetengenezwa kwa watu wanaokata mkate. Alichagua cha muhunzi, akakigonga, akakipeleka mwangani, akatoa nyanya, ikakatika vizuri. Kisha akatoa kitunguu.

Mama Jayanti akainua mkono. Kwa dini yao vitunguu havikuingia jikoni, wala dukani hakutaka harufu yake. Walijuana miaka mingi, hakukuwa na ubaya. Akamwonyesha Mama nje, akampa na kibao.

Basi tukatoka barazani. Mtaa wote ulikuwa pale: wapagazi na magunia, mikokoteni, wauza kahawa wanagonganisha vikombe, mama mmoja na beseni la samaki wa kukaanga. Mama akakiweka kisu juu ya kibao, Dada akakiokota kwa mkono wa kulia. 

"Kata kama unavyokata nyumbani," Mama akasema.

Dada akatazama barabarani. Halafu akakihamisha kisu kushoto, akakata. Kikaenda upande, kama siku zote. Akakiweka chini na kujifuta macho, na hata leo sijui kama yalikuwa machozi ya kitunguu.

 Nilidhani Mama atamsema. Badala yake akaokota kile kisu, akakihamishia mkono wake wa kushoto, yeye ambaye sikuwahi kumwona akishika kwa mkono huo hata kijiko. Akachuchumaa, akashika kitunguu kwa mkono wa kulia, akaanza kukata. Alikata kama mtoto, ulimi nje. Kipande kikatoka kinene huku, chembamba kule. Akakata kingine, hivyo hivyo.

Mpagazi mmoja aliyekuwa amekaa juu ya gunia lake akamwita. "Mama, mbona leo unatumia mkono usio wako?"

"Huu ni mkono wa mwanangu," Mama akamjibu, wala hakuinua kichwa.

Akakigeuza kisu, akapitisha kidole gumba kwenye bapa upande mmoja, kisha wa pili. Upande mmoja ulikuwa umeinama kuelekea makali, wa pili ulikuwa umenyooka kama ubao. Muhunzi alikipiga tupa upande mmoja tu, ule unaomfaa mwenye kulia. Ukikishika kwa kushoto, kisu chenyewe kinakuvuta pembeni. Visu vyote vya nyumbani kwetu vilikuwa vya muhunzi huyo.

Mama akamtazama Dada.

"Kumbe si wewe, mwanangu," akasema. "Ni kisu."

Hakusema zaidi. Mama zetu hawakuwa watu wa kuomba radhi kwa watoto; ukiona mama ameshika ukingo wa kanga yake na kukufuta nao uso mbele za watu, ujue hiyo ndiyo radhi yenyewe. Dada alikuwa msichana mkubwa wa kuolewa, na alifutwa uso barazani kama mtoto wa miaka mitatu. Hakujitoa.

Tukarudi ndani. Mama akaomba kabati la kioo lifunguliwe. Mama Jayanti akatabasamu, akasema kwa Kiswahili chake cha dukani, "Siku nyingi mimi nasema, hii iko zuri. Wewe nakataa tu." Mama akakubali kwamba alikataa. Vile vya Ulaya vilikuwa vimenolewa pande zote mbili. Alivitoa barazani kimoja kimoja, akavijaribu vyote kwa mkono wa kushoto, mpaka wapagazi wakaacha kucheka wakaanza kushauri. Alikataa chenye mpini mweupe uliong'aa, kwa sababu uliteleza ukilowa. Alikataa kirefu, akasema hicho ni cha bucha. Akabaki na kimoja cha kawaida, mpini wa mti mweusi, misumari mitatu ya shaba. Akakiweka juu ya kibao. Dada akakiokota, akakata, na kipande kikaanguka kimenyooka. Mpagazi yule akasema, "Hiki sasa hakijakatwa kombo," nasi hatukuwa tumemwambia lolote juu ya mzaha wa Mama Sijali.

Kwa siku zilizofuata tulikula vitunguu kwa kila kitu, hata uji nusura utiwe.

Siku ya harusi Mama alifunga mpini wa Dada uzi wa kijani, wakaenda pamoja. Mimi nilikuwa kwenye mchele, kwa hiyo niliona yote. Mama alimkalisha Dada mwisho wa jamvi, upande ambao kiwiko chake hakitagongana na cha mtu, akakaa mwenyewe pembeni yake. Kina mama walipoona mkono wa kushoto mazungumzo yalipungua. Mama Sijali akafungua mdomo, Mama akamtazama, akaufunga. Ikabaki sauti ya visu.

Bi Kidawa akaja na mwiko wake. Akainama, akaokota kipande kutoka beseni la Dada, akakiinua juani. Mwanga ulipita sawasawa mwanzo mpaka mwisho. Alikitazama kwa muda, akamtazama na Dada, na ule mkono.

"Mwanangu," akasema, "ukimaliza hivyo sogea kwangu, unikatie na vyangu. Macho yangu yamechoka na vitunguu."

Mama aliendelea kukata. Lakini niliona kwamba kitunguu chake kilikuwa kimekwisha, alikuwa anakata kibao.

Dada Zena aliolewa, akaishi na fundi wake mpaka kifo kilipowatenganisha, na kisu kile kilikwenda naye kila shughuli. Leo mitaa ile ni maghorofa na marobota ya nguo. Shughuli zinapikwa na watu wa kukodi wenye kofia nyeupe. Sisi tunakuja na bahasha na simu, tunakaa kwenye viti vilivyovishwa nguo, tunasubiri sahani. Ni raha, sikatai, miguu yangu inashukuru. Mjukuu wangu ameninunulia seti ya visu vya rangi rangi, cha kijani, cha pinki, vimekaa kwenye kibanda chao kama kuku. Nimevijaribu kwa nyanya. Nyanya imecheka. Lakini hakuna siku hizi anayekujua kwa namna unavyokata, wala anayekaa karibu nawe kwa muda wa kutosha kugundua kwamba kosa si lako.

Binti wa dada yangu alipokuja kunipa kile kisu hakunikabidhi mkononi. Alikiweka mezani, akasubiri nikiokote. Nikajua Zena alimfundisha.

Nimekuwa nakitumia. Lakini dada yangu alikinoa mwenyewe miaka yote ile, kwa mkono wake, na kinoo kimekila kwa upande wake. Nikikishika kwa mkono wangu wa kulia, kinanivuta pembeni. Basi jioni, nikiwa peke yangu jikoni, nakihamishia kushoto. Nakata polepole, kwa sababu sijazoea. Vinatoka vinene huku, vyembamba kule, kama vile vyake vya zamani uani, na mimi navitia chunguni hivyo hivyo.